Aya Moja, Mnyama Mmoja

Maziwa niliyanywa mimi. Naliweka hili mezani mapema, asije mtu akasema nilimzungusha. Sikuyanywa kwa njaa, wala sikutumwa na shetani. Shetani ana kazi zake, tusimtwishe na zetu. Niliyanywa kwa sababu ya utando. Mzee wetu wa shule, tunayemwita Babu Funguo kwa kuwa funguo za milango yote zinaning'inia kiunoni mwake, huyachemsha asubuhi kwenye jiko la stoo, huyamimina kwenye jagi la bati, hulifunika kwa kisahani kizito na kuliweka kwenye meza ya ofisi ya walimu, lingoje chai ya saa nne. Yakikaa dakika kumi yanavaa utando mnene, wa manjano kidogo. Na mimi ni kitindamimba wa nyumba ya watoto tisa. Utando nilikuwa nausikia kwa wenzangu tu.

Siku ya kwanza niliutoa utando kwa kijiko, nikaishia hapo. Siku ya pili utando ulishuka na funda moja. Wiki ya tatu nilikuwa nabugia nusu kikombe nimesimama, kisha nafuta mdomo kwa kitambaa cha kufutia ubao, ili weupe wowote utakaobaki uhesabike kuwa chaki. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na jagi letu lilikuwa dogo kuliko buyu.

Taabu ni kwamba mwalimu mkuu ana vidonda vya tumbo na chai kavu haimpiti kooni. Kila saa nne akawa anainua jagi, analitikisa, anatutazama mmoja mmoja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema siku moja, na siku hiyo alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Ukiniuliza, nilisikitika vizuri kabisa.

Sasa, Jumatatu moja nikasikia viatu kwenye baraza nikiwa na jagi mdomoni. Nikalitua, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasahau kurudisha kisahani. Mwenye viatu alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Akakuta jagi wazi, maziwa nusu, na pembeni yake, juu ya kitambaa cha kushikia sufuria, paka amelala usingizi mzito.

Huyo paka tunamwita Karani, maana tangu udogo wake kitanda chake kilikuwa rundo la madaftari ya mahudhurio. Ana rangi ya majivu. Ni wa Babu Funguo na mjukuu wake, ambao wanakaa wawili tu kwenye chumba cha getini, kwa kuwa mama wa mtoto anafanya kazi mbali. Mjukuu yuko darasani kwangu, darasa la pili. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka siku moja, kwa hiyo shule nzima inamwita Mapengo, na yeye mwenyewe ukimuuliza jina atakwambia Mapengo.

Hukumu ilitoka palepale kwenye chai. Ijumaa ni siku ya wazazi kuja kuona kazi za watoto, na siku hiyohiyo litakuja lori la kuleta madawati. Lori litarudi na Karani mpaka kwenye kinu cha unga, huko mbali ambako paka hawezi kurejea kwa miguu. Babu Funguo alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Mkuu," alisema taratibu, "kisahani kile kizito. Paka atakitoaje?"

"Ana kucha," alijibu mwalimu mkuu.

Hapo pangetosha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Nasikia alishaonekana juu ya meza hii siku nyingine," nikasema.

Babu Funguo akanitazama. Hakukasirika, alinitazama tu, kama mtu aliyeletewa habari na anaipima. Halafu akaendelea kumimina chai. Mimi siku hiyo sikutia maziwa kwenye yangu, kuonyesha kwamba na mimi limenigusa.

Sasa niulize, siku hizohizo mimi nilikuwa nafundisha nini darasa la pili? Aya ya ukweli. Aya ya ukweli juu ya mnyama, ndiyo, cheka tu. Na si kwamba nilikuwa naifundisha ovyo. Kazi hii naijua. Mtoto wa miaka saba anakuja kwako kichwa kimejaa sungura mjanja, fisi mlafi na simba mfalme. Ukimwambia aandike juu ya mbuzi, mbuzi wake anaongea, anaoa, anakwenda sokoni na kapu. Ndiyo maana mimi nina kapu langu. Liko chini ya ubao, na limeandikwa Kapu la Nasikia.

Linafanya kazi hivi. Kila mtoto anaandika sentensi yake kwenye kipande cha karatasi, anasimama, anaisoma. Darasa zima, watoto arobaini na watatu, wanamuuliza kwa pamoja: "Umejuaje?" Majibu yanayokubalika ni matatu tu: nimeona, nimehesabu, au nimemuuliza mwenyewe, yaani yule anayemfuga. Ukijibu hivyo, sentensi yako inakwenda ukutani. Ukijibu "watu wanasema," inakwenda kapuni, na hakuna rufaa.

"Sungura ni mjanja."

"Umejuaje?"

"Bibi alinihadithia."

Kapuni. Akasimama mwingine, mtoto wa fundi cherehani. "Fisi ni mlafi." Umejuaje? "Baba akila sana mama anamwita fisi." Nikamuuliza kama amewahi kumwona fisi. Akasema hapana, lakini baba amemwona. Tukajadiliana kwa muda, tukakubaliana kuwa huo ni ushahidi juu ya baba. Kapuni. Mwingine akasema ng'ombe ana miguu minne, na alipoulizwa akaeleza kwamba alihesabu miwili upande huu, akazunguka, akahesabu miwili upande ule. Ukutani. Yule aliyesema kuku hana meno alituonyesha kidole kilichodonolewa alipokuwa anamfunua mdomo, na huyo tulimpigia makofi.

Watoto waliupenda mchezo huu kupita kiasi. Wakaniita Bi Umejuaje, nami nikajifanya sisikii. Mama mmoja alikuja kushtaki kwamba akimwambia mwanawe maji ya kuoga yamepoa, anaulizwa amejuaje. Nikamjibu kwamba mtoto anasoma. Nilijiona mwalimu wa walimu.

Jumatatu ile baada ya chai nikawapa kazi yenyewe. Kila mmoja achague mnyama, amwangalie siku tatu, kisha aandike aya. Sentensi ya kwanza imtaje mnyama. Zinazofuata ziseme alivyo, anapokaa, anachokula, anachofanya. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: AYA MOJA, MNYAMA MMOJA. Aya zitabandikwa Ijumaa wazazi wazisome.

Mapengo akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nachukua Karani."

"Haya, mama."

"Mwalimu, mtu akisema Karani ni mwizi, na yeye tunamuuliza?"

"Umejuaje?" darasa likaitikia kwa mazoea.

Nikakohoa. Nikasema sisi tutaandika anachokula na anapolala, mambo ya wizi yana watu wake. Akakaa. Baadaye kidogo akaja mezani kwangu kuomba ruhusa: Karani kuanzia sasa hafunguliwi mlango wa ofisi, kwa hiyo kabla ya chai atalala nje, kwenye kizingiti cha dirisha la walimu, je, anaweza kukaa barazani na kumwangalia wakati wenzake wanafanya kazi ya kimya? Nilikuwa natafuta chaki. "Nenda, mama, nenda," nikasema. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimechimba, nimejengea na ngazi.

Maana kazi ya kimya ni saa nne kasorobo. Na saa nne kasorobo ndipo mimi nilipokuwa natoka kidogo.

Najua unachotaka kuuliza. Paka wa watu amehukumiwa kwa ajili yangu, bado nikaenda? Nisikilize kwanza. Jumanne niliamka nimeapa kuacha. Lakini njiani nikafikiri: nikiacha leo, maziwa yakabaki yametimia siku ambayo paka amefungiwa nje, si itakuwa imethibitika kuwa mwizi ni yeye? Kwa hiyo nikanywa kwa ajili ya Karani. Halafu nikaogopa, nikajazia maji ya bomba kwa ajili yangu. Jumatano hivyohivyo. Mwalimu mkuu alionja chai yake, akaitazama, akasema ng'ombe wa siku hizi wamelegea. Mimi nikamwunga mkono.

Pale nje, nyuma ya makopo ya maua, chini kidogo ya kizingiti, alikuwa amechuchumaa mtu mwenye penseli. Sikumwona hata siku moja. Mwizi hutazama mlango. Nani atatazama makopo?

Alhamisi baada ya chai nikakusanya madaftari. Nikasahihisha bata, nikasahihisha mjusi wa chooni, nikafika kwa Mapengo. Ameandika kwa herufi za duara, amebonyeza mpaka zimetokea upande wa pili:

*Karani ni paka. Ana rangi ya majivu na mkia wake una kona moja. Analala dirishani kwa walimu mpaka jua lifike kwenye kopo la tatu. Anakula panya na vichwa vya samaki. Hanywi maziwa. Nilimwekea mara tatu na mara tatu alinusa akaondoka. Maziwa ya walimu anakunywa Mwalimu wetu. Anakunywa amesimama halafu anafuta mdomo na kitambaa cha ubao. Halafu anatia maji.*

Nikaisoma mara ya pili. Masikio yakawaka moto. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nilipewa watoto arobaini na watatu. Nikainua macho. Mapengo amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, anangoja.

Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu mzima angekukamata hivyo angekuwa na lake: angekununia, angekutishia, angetaka umfanyie jambo. Huyu alikuwa anataka vema. Alikuwa amefanya kazi niliyompa, sawasawa na nilivyomfundisha, akaja kuchukua vema yake kama wenzake.

Basi nikamgeuzia ujuzi. Sijivunii, nasimulia tu.

"Mapengo, aya moja ina wanyama wangapi?"

"Mmoja."

"Na hii inamhusu nani?"

"Karani."

"Haya. Hizi sentensi tatu za mwisho, zinamhusu Karani?"

Akainama juu ya daftari, akazisoma akisogeza kidole. "Hapana," akasema. Ilimuuma kukosea, niliona.

"Basi zimepotea njia. Zifute."

Akachukua kifutio, akasugua mpaka karatasi ikataka kutoboka, akapuliza vumbi. Nikampa vema kubwa nyekundu. Nikapumua. Nilikuwa hata nimeshafungua daftari la mwenzake, sauti ikanijia tena kutoka ng'ambo ya meza.

"Mwalimu, sasa niziandikie aya yake?"

"Aya ya mnyama gani?"

"Wewe."

"Mimi si mnyama, mama."

Hakubisha. Alirudisha kurasa za daftari nyuma, moja, mbili, tatu, akaligeuza linielekee. Hati yake, maneno yangu: *Mnyama anayenyonyesha watoto wake anaitwa mamalia. Binadamu naye ni mamalia.* Chini yake kulikuwa na vema, na aliyeitia ni mimi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikamwambia aandike akitaka, ila sijui kama nitapata nafasi ya kusahihisha kabla ya Ijumaa. Kwa sheria ya darasa langu, aya isiyosahihishwa haionyeshwi kwa mtu. Nilikuwa nategemea sheria hiyo kwa moyo wote.

"Nitasubiri," akasema. Alianza kuondoka, akarudi. "Mwalimu, huko kwenye kinu, nani atawaambia kwamba hapendi maziwa? Watamwekea maziwa tu. Na kulala analala kwenye miguu yangu, hajui kulala chini."

Nikamwambia watamzoea. Akaitikia "ndiyo, Mwalimu," akaenda kukaa. Hapo nikaona aibu, aibu ya kweli. Sikula mchana huo. Saa nane nilikwenda ofisini, nikalitazama jagi la maziwa yaliyobaki, yaliyopashwa tena kwa chai ya mchana, na nisikufiche, mkono ulikwenda. Lakini utando wenyewe haukuwa na ladha.

Na aibu hiyo yote haikunizuia kufanya nililofanya jioni. Nilipobandika ukutani aya walizonakili kwenye karatasi, ya Mapengo niliipandisha juu kabisa, juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo watu huona mijusi tu.

Ijumaa wazazi wakaja. Walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamefika kidevuni, wengine wamesimama nyuma. Dirishani niliona lori limeshashusha madawati, dereva anakunywa maji. Babu Funguo akaingia akasimama karibu na mlango. Kwapani alikuwa na boksi la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani, limetobolewa matundu ubavuni. Alilishika kwa mikono miwili, chini kwa kitako, ili lisiyumbe.

Watoto wakaanza kusoma. Kila mmoja akimaliza, wenzake wananguruma "Umejuaje?" na wazazi wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mwalimu mkuu alikunjuka uso, jambo ambalo tumbo lake halimruhusu mara nyingi. Mtoto wa fundi cherehani alisoma juu ya sisimizi, na mwalimu mkuu akawa wa kwanza kuuliza, kabla hata ya darasa: "Umejuaje?" Alipendezwa na nafsi yake.

"Na wewe binti, yako iko wapi?" akamuuliza Mapengo.

"Juu ya mlango, Mkuu."

Vichwa vyote vikainuka. "Mbona huko?" akauliza mwalimu mkuu. Nikasema ukuta ulijaa. Ukuta ulikuwa na nafasi ya kutandaza mkeka.

Babu Funguo alitua boksi sakafuni, akatoka, akarudi na ngazi, akapanda yeye mwenyewe. Aliing'oa karatasi ile kwa kucha, kona baada ya kona, isichanike, akashuka, akampa mjukuu wake. Kisha akabaki ameshika ngazi.

Mapengo akasoma. Aliposoma kopo la tatu wazazi wakatabasamu. Akasoma, "Hanywi maziwa."

"Umejuaje?" darasa likauliza.

"Nimeona. Jumanne nilimwekea, akanusa akaondoka. Jumatano nilimwekea, akanusa akaondoka. Alhamisi nilimwekea, akanusa, akanitazama, akaondoka."

Tabasamu la mwalimu mkuu likapungua kidogo kidogo. Alitazama boksi, akatazama karatasi. Mtu huyu ana mambo yake, lakini mjinga si mmoja wao. "Kama yeye hanywi," akasema, "maziwa yangu anakunywa nani?"

"Hiyo ni aya nyingine, Mkuu. Mwalimu alisema aya moja, mnyama mmoja." Akachukua daftari lake mezani, akalificha nyuma mgongoni alipoona mkono wa mwalimu mkuu unakuja. "Lakini haijasahihishwa. Isiyosahihishwa hatuonyeshi."

"Sheria ya nani?"

"Ya Mwalimu."

Mwalimu mkuu akanigeukia, na kwa adabu zote za mbele ya wageni akasema, "Basi, Mwalimu, msahihishie. Tunasubiri."

Mapengo akaniletea daftari kwa mikono miwili. Nikakaa, nikatoa kalamu nyekundu, nikafungua.

*Mwalimu ni mamalia. Ana miguu miwili na miwani. Anaishi darasa la pili. Anakula karanga za mfukoni. Anakunywa maziwa ya walimu mara moja kwa siku, saa nne kasorobo. Anapenda utando. Ana sauti kubwa lakini haumi.*

Nitakwambia yote niliyoyafikiri, nimeshaanza. Nilifikiri kuandika "rudia" na kufunga daftari. Mtoto angerudia, bila kuuliza, na hadi amalize lori lingekuwa limeshapita daraja la pili. Nilifikiri kudondosha wino. Nilifikiri kuzimia, na nikapima kama sakafu ni safi. Kalamu iko juu ya karatasi, watu wazima thelathini wananitazama, Mapengo yuko pembeni yangu mikono nyuma, na kwenye tundu moja la boksi umetokea mguu wa paka, wa majivu, unapapasa hewani taratibu ukitafuta pa kushika. Babu Funguo aliinama akaugusa kwa kidole. Ukakishika.

"Haumi," alikuwa ameandika. Umejuaje, mwanangu? Nilikuwa nimewang'ata yeye na babu yake tangu Jumatatu.

Na pia kulikuwa na kosa. Liliniwasha tangu nisome mara ya kwanza. Mimi nina maradhi yangu: kosa la ukweli likipita mbele yangu, mkono unakwenda wenyewe. Nikapiga mstari, nikaandika juu yake, nikasimama ili na wa nyuma wasikie.

"Mapengo, aya yako ni nzuri. Ina kosa moja. Umeandika mara moja kwa siku. Si mara moja, ni mara mbili. Ya pili ni saa nane mchana, nyinyi darasa la pili mkishakwenda nyumbani, ndiyo maana hukuiona."

Wazazi hawakuelewa bado. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kuelewa. Mkono ulikuwa umeshafika tumboni. Na watoto wangu arobaini na watatu, niliowafundisha kwa jasho langu, wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Umejuaje?"

Nimeona, nimehesabu, nimemuuliza mwenyewe. Nilipitia majibu yote matatu, hakuna lililotosha.

"Anayeyanywa ni mimi," nikasema.

Funguo ziligongana kiunoni mwa mtu. Kisha mtoto wa fundi cherehani, mwenye sauti ya kesi, akauliza: "Ukutani au kapuni?" Darasa likajibu ukutani. Sikupinga. Nilichukua kipande cha karatasi, nikaandika, *Nasikia Karani alishaonekana juu ya meza,* nikaenda mbele nikakitia kwenye kapu mwenyewe. Nilipomgeukia Babu Funguo nilikuwa na maneno ya msamaha, nilikuwa nimeyapanga, yakanikimbia. "Babu, nimekukosea," ndiyo niliyoyapata.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Maziwa nachemsha mimi. Paka hajui kutia maji." Na akachomoa kisu kidogo kwenye bonge la funguo, akakata kamba ya boksi.

Karani alitoka bila haraka. Alipita chini ya madawati, kati ya miguu ya wazazi, akapanda juu ya meza yangu na kulala juu ya daftari la mahudhurio. Dereva wa lori alipiga honi mara mbili, mwalimu mkuu akatoa kichwa dirishani akamwambia aende zake, hakuna mzigo. Mimi niliambiwa nibaki baada ya saa za kazi, na yaliyosemwa huko ofisini hayakuwa aya moja wala mnyama mmoja. Nilitajiwa mbuga nzima. Mpaka mwisho wa muhula maziwa ya chai naleta mimi, na mwalimu mkuu anayapima kwa kijiti.

Aya yangu bado iko ukutani, kati ya ng'ombe na kuku, na "mara mbili" iliyoandikwa kwa wekundu. Wazazi wakija kuuliza maendeleo ya watoto wao wanaisoma kwanza.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani baada ya chai, nikakuta kitu juu ya meza yangu kimefunikwa kwa kisahani kile kizito. Nikafunua. Kwenye kikombe kidogo kulikuwa na utando, wote, umekunjwa, mnene. Nikatazama mlangoni. Babu Funguo alikuwa anafagia baraza, hakuinua hata kichwa.

"Nilimwekea Karani kwanza," akasema. "Amenusa, ameondoka."